Mcheza kwao hutuzwa? Muulizeni Cazorla

Kinyozi wangu ni shabiki sugu wa Arsenal, na kama walivyo vinyozi wengi wa mitaa ya Nairobi, alimlipa mchoraji ampambie kuta za kibanda chake kwa picha za wanasoka. Mwaka wa 2014, siku chache baada ya fainali ya Kombe la FA, ukuta huo ulipata mgeni: mtu mfupi, mwenye tabasamu, jezi nyekundu kifuani na gozi mguuni. Alikuwa ni Santi Cazorla, kiungo kutoka Uhispania. Mwaka wa 2018 nilipokwenda kunyolewa nilikuta amekwisha kupakwa chokaa. "Huyo amekwisha, mzee," kinyozi aliniambia. "Mguu umeoza. Nafasi ni ya mtu anayecheza."

Sikumjibu, kwani wakati huo wembe wake ulikuwa kisogoni mwangu, na si hekima kubishana na mtu aliyeshika wembe. Lakini jibu nilikuwa nalo, na limezidi kuwa refu kadiri miaka ilivyosonga. Leo naomba msomaji anivumilie nilitoe.

Cazorla alizaliwa Desemba 1984 huko Llanera, katika eneo la Asturias, kaskazini mwa Uhispania. Klabu ya kwao ni Real Oviedo, na humo ndimo alimolelewa kisoka tangu utotoni. Lau mambo yangalikwenda kama yapasavyo kwenda, angalipanda kutoka timu ya chipukizi hadi timu kubwa, akavaa jezi ya buluu mbele ya jamaa zake na majirani zake. Hayakwenda hivyo. Oviedo iliteremka kutoka Ligi Kuu ya Uhispania mwaka wa 2001, na mwaka wa 2003 ikaporomoka vibaya zaidi. Haikushushwa ngazi moja kwa kushindwa uwanjani tu, bali ilisukumwa ngazi nyingine chini kwa sababu ilishindwa kuwalipa wachezaji wake. Klabu iliyozoea kuwakaribisha Real Madrid na Barcelona ikajikuta katika daraja la nne. Kijana wa miaka 18 alikuwa na la kufanya? Alikwenda Villarreal.

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna uzushi mwingi kuhusu wachezaji wanaoondoka kwao. Utasikia wakiitwa wasaliti, au ati wameghilibiwa na fedha. Wanaoyanena hayo aghalabu ni viongozi wale wale walioiacha klabu ikose hata nauli ya kwenda kucheza ugenini. Mkenya hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mtu haondoki nyumbani kwa kuwa hakupendi. Huondoka kwa kuwa sufuria ni tupu.

Miaka ya Villarreal nitaipitia upesi, ingawa ndiyo iliyomkuza. Alicheza huko, akauzwa Recreativo de Huelva mwaka wa 2006, akarudi mwaka mmoja baadaye. Mwaka wa 2008 alikuwa katika kikosi cha Uhispania kilichotwaa ubingwa wa Ulaya, na katika robo-fainali dhidi ya Italia, mechi iliyoamuliwa kwa penalti, ni mmoja wa waliofunga. Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini lilimpita akiwa majeruhi. Mwaka wa 2011 alihamia Malaga, iliyokuwa imenunuliwa na mwana wa ufalme wa Qatar, akaisaidia kumaliza ya nne na kufuzu kwa Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kisha, kiangazi hicho hicho cha 2012, mifereji ya fedha ikakauka, mishahara ikachelewa, na Malaga ikamuuza. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Cazorla aliondoka katika nyumba iliyoshindwa kuwalipa watu wake. Agosti mwaka huo akatua London.

Sisi tuliokuwa tukifuatilia Ligi Kuu ya Uingereza tukibanana katika vibanda vya video na mabaa hatukuwa tukimngojea yeye. Robin van Persie alikuwa ameondoka kwenda Manchester United na vilio vilikuwa vimetanda kila mahali. Huyu mfupi wa futi tano na nusu angetufaa nini? Jibu lilipatikana kabla majani hayajapukutika kule Uingereza. Katika msimu wake wa kwanza alifunga mabao 12 ya ligi, matatu kati yake katika mechi moja dhidi ya Reading. Jambo lililotufanya tubishane zaidi lilikuwa ni miguu yake. Alipiga kona kwa mguu wa kulia, kisha akavuka uwanja akapiga nyingine kwa wa kushoto, na watu waliomtazama kila wiki walishindwa kukubaliana ni upi aliozaliwa nao.

Ile fainali iliyompa nafasi kwenye ukuta wa kinyozi ilichezwa Mei 17, 2014 uwanjani Wembley. Arsenal haikuwa imeonja kombe kwa miaka tisa. Katika dakika nane za kwanza Hull City ilikuwa imekwisha kufunga mabao mawili. Nilipotazama huku na huku nikaona watu wazima wamejishika vichwa, na mmoja amekwisha kusimama ili aende zake. Dakika ya 17 Cazorla akapiga frikiki kutoka mbali, ikapita juu ya ukuta wa wachezaji na kutua wavuni. Yule bwana akaketi tena. Koscielny akasawazisha na Ramsey akamaliza kazi katika muda wa ziada. Mabao matatu kwa mawili. Wengi humkumbuka Ramsey kwa siku ile, na ni haki yake. Lakini mimi nashikilia kwamba frikiki ile ndiyo iliyouzuia mlango usifungwe.

Sasa nieleze kile ambacho hatukukijua tulipokuwa tukishangilia. Septemba 2013, Uhispania ilikuwa imecheza na Chile mjini Geneva, mechi ya kirafiki ambayo haikuwa na pointi wala kombe. Cazorla aligongwa kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Maumivu yalipungua lakini hayakuisha. Kwa hiyo ile frikiki ya Wembley, na ile mechi ya Januari 2015 aliyoitawala dhidi ya Manchester City, na fainali ya pili ya FA dhidi ya Aston Villa iliyoisha 4-0, yote hayo aliyafanya akiwa na mguu mbovu. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba damu ikichemka aliweza kucheza, lakini mguu ulipopoa wakati wa mapumziko alitokwa na machozi.

Hapa nitasema la moyoni, na najua wasomaji watanipinga. Sioni ushujaa katika hilo. Naona desturi mbaya ambayo soka imeirithi na ambayo sisi watazamaji tunaifadhili. Mchezaji anayeomba kupumzishwa tunamwita mlegevu, na anayechechemea tunampigia makofi. Hapana daktari wala kocha anayeweza kukwepa swali hilo, na mchezaji mwenyewe pia halikwepi, kwani ni yeye aliyesema kila wiki kwamba yuko tayari.

Oktoba 19, 2016, Arsenal iliicharaza Ludogorets ya Bulgaria 6-0 katika Ligi ya Mabingwa. Cazorla alitoka nje akiwa na maumivu. Hakuichezea Arsenal tena.

Alipasuliwa, na kidonda kikakataa kufunga. Wakashona, kikafumuka. Wakapasua tena, na tena, zaidi ya mara nane kwa jumla. Vijidudu vilikuwa vimeingia ndani na vilikuwa vikila nyama kimyakimya. Ngozi ikageuka ikaanza kufa. Daktari mmoja nchini Uingereza alimwambia aridhike iwapo ataweza kutembea tena bustanini na mwanawe. Naomba msomaji ayapime maneno hayo. Aliyeambiwa ni mtu wa miaka 32, ambaye tangu utotoni hajui kazi nyingine.

Alirudi Uhispania, katika mji wa Vitoria, kwa daktari aliyeamua kufungua na kutazama. Alichokikuta ni kwamba kano ya kisigino, ile inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ilikuwa imeliwa kwa urefu wa sentimita 8. Mfupa wenyewe ulikuwa umeanza kushambuliwa. Ilibidi kano ijengwe upya, na ngozi ya kufunika jeraha ikatwe kwenye mkono wake wa kushoto. Mkono huo ulikuwa na mchoro wa wino wenye jina la binti yake. Ngozi ilipohamishwa, sehemu ya jina ilihama nayo. Hadi leo herufi nyingine ziko mkononi na nyingine ziko kwenye kifundo cha mguu.

Arsenal, kwa haki yake, ilikuwa imeurefusha mkataba wake kwa mwaka mmoja hali akiwa majeruhi. Klabu kubwa husemwa kwa mabaya, basi na zisemwe kwa mema zinapoyatenda. Mkataba ulipokwisha Mei 2018 akaondoka, na hapo ndipo kinyozi wangu alipoleta chokaa.

Villarreal ilimruhusu afanye mazoezi na kikosi bila ahadi yoyote. Julai 2018 akacheza mechi ya kujipima nguvu, siku 636 tangu ile ya Ludogorets. Agosti akapewa mkataba. Januari 2019 aliifunga Real Madrid mabao mawili katika sare ya 2-2, na Juni mwaka huo akavaa tena jezi ya taifa lake, akiwa na miaka 34. Daktari wa bustani sijui alikuwa wapi siku hiyo.

Baada ya hapo alikwenda Qatar, kuichezea Al Sadd iliyokuwa chini ya Xavi, kutoka 2020 hadi 2023. Huko alilipwa vizuri, na mimi si miongoni mwa wanaomlaumu. Mguu ule ulikuwa umekwisha kudai gharama yake.

Lakini turudi Oviedo, maana hapo ndipo penye kiini cha jibu langu kwa kinyozi. Novemba 2012, Cazorla akiwa na miezi mitatu tu mjini London, klabu ya kwao ilikuwa karibu kufungwa kabisa kwa madeni. Ikatangaza kuuza hisa kwa umma, kila hisa kwa euro 10.75. Mashabiki wa nchi nyingi ambao hawajawahi kuiona Asturias walinunua. Cazorla alinunua. Juan Mata, aliyekuwa Chelsea, alinunua. Michu, aliyekuwa Swansea, alinunua pia. Wote watatu ni watoto wa Oviedo waliokuwa wakichuma Uingereza. Tajiri wa Meksiko Carlos Slim akaongeza euro milioni mbili, na klabu ikapumua. Sasa waulizeni wanaohubiri uzalendo wa soka: ni nani aliyeiokoa nyumba, waliobaki wakiiendesha au waliokwenda ugenini?

Agosti 2023, akiwa na miaka 38, Cazorla alirejea Oviedo, miaka 20 tangu aondoke. Alitaka kucheza bure. Kanuni za ligi hazikuruhusu, basi akakubali kima cha chini cha mshahara, na akataka asilimia 10 ya mauzo ya jezi zake iende kwa timu za chipukizi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alitunzwa na ugenini, kisha akaja kucheza kwao akiwa ndiye mwenye kutoa tuzo.

Msifikiri alirudi kupungia watu mkono. Oviedo ilikuwa katika daraja la pili, na mwaka wa 2024 ilifika fainali ya kuwania kupanda ngazi ikaangushwa na Espanyol. Mwaka uliofuata ikafika tena. Ilifungwa 1-0 na Mirandes katika mkondo wa kwanza. Juni 21, 2025, katika uwanja wa Carlos Tartiere uliofurika, Mirandes ilitangulia tena kufunga, na kwa jumla ya mabao Oviedo ikawa nyuma kwa mawili. Ilikuwa Wembley upya, ila rangi ya jezi ilikuwa buluu. Penalti ikapatikana. Akaiendea mtu wa miaka 40, mwenye kano iliyojengwa upya na ngozi ya mkono kwenye kifundo cha mguu, akaiweka wavuni. Wenzake wakaongeza mawili, la mwisho katika muda wa ziada. Oviedo ikarudi katika Ligi Kuu baada ya miaka 24, naye akatia saini kucheza msimu mwingine.

Jumatatu yake nilikwenda kunyolewa ingawa nywele hazikuwa zimenizidi. Nikamweleza kinyozi habari yote, kuanzia zile hisa hadi penalti. Akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si desturi yake, kisha akautazama ule ukuta wake, ambao sasa una picha ya kijana mwingine.

"Ni kweli, mzee," alisema. "Lakini siku hizi hachezei Arsenal."