Chupa Zinalala Kitengela

Kwa kona ya keja yangu huku Noonkopir kuna friji imededi. Mota ilikufa kitambo, fundi wa jua kali akaniachia na ngiri moja. Haijawahi onja stima tangu ifike. Ndani zimelala chupa kumi na moja za waini, kila moja imevishwa gazeti, na katikati kuna kathamomita ka soo tatu. Jana saa nane mchana, mabati zikilia na jua, keja ilikuwa inasoma 29. Nikafungua friji: 21. Koleksheni yangu yote imesimama juu ya hizo digrii nane.

Maze, hapo ndio wasee hukosea. Msee akiskia waini kali anafikiria doh kwanza. Ni kweli hiyo level iko. 2018 huko New York, mnada wa Sotheby's uliuza chupa moja ya Romanée-Conti ya 1945 na dola 558,000. Na si jina tu: hiyo 1945 shamba ilitoa chupa kama 600 pekee, alafu mizabibu ikang'olewa. Lakini hata hiyo chupa, ukiiweka juu ya kabati kwa keja ya mabati, inapikika kama maharagwe. Waini iko hai, jo. Joto inaizeesha mbio, kizibo kinasukumwa juu, hewa inaingia, kwisha. Inataka giza, inataka baridi ya kama digrii 13 isiyorukaruka, na ilazwe ndio kizibo kisikauke. 13 bado sijafika. Lakini 21 yenye imetulia ni poa kuliko 18 usiku na 29 mchana.

Hii kitu niliijua na uchungu. Chupa yangu ya kwanza ya nguvu niliitoa duka fulani kwa barabara ya Namanga. Ilikuwa imesimama dirishani, jua ya jioni ikiipiga usoni, lebo imepauka. Nilikuwa nimechanga miezi tatu. Kuifungua, inanuka zabibu kavu zimechemshwa. Siku hizi nauliza kwanza chupa imekaa wapi, alafu naguza kizibo na kidole: kikiwa kimetokeza, narudisha. Stempu ya KRA naiskani na programu ya Soma Label hapo hapo kaunta, mwenye duka akinuna anune.

Chapaa yangu mob inaenda Stellenbosch, Afrika Kusini. Watu wa shamba ya Kanonkop ndio wananibamba, hasa waini yao Paul Sauer, yenye wametengeneza tangu 1981, Cabernet Sauvignon ikiongoza. Ile ya 2015 Tim Atkin, mwandishi wa waini wa Uingereza, aliipea 100 kwa 100. Mimi nilipata ya 2019. Niko pia na kachupa ka nusu lita ka Vin de Constance ya Klein Constantia, tamu ka asali. Napoleon akiwa amefungiwa kisiwa cha St Helena alikuwa analetewa waini ya hiyo Constantia. Sukari yake na ukali wa ndimu ulioko chini yake ndio huifanya ivuke miaka bila kuchoka. Si kila waini inangojanga hivyo. Zile tamu za sherehe ya wikendi zinywe sahii, ukizificha unazinyima siku zao.

Alafu kuna Leleshwa, ya zabibu za Naivasha. Hiyo siilazi miaka kumi, lakini haikosi kwa friji, juu ya jina. Leleshwa ni kichaka ya kwetu. Panda side ya Ngong utaiona, majani ya kijivu yanang'aa na upepo. Fikicha moja na vidole, harufu ya kafuri inakupanda hadi kwa paji. Morani hupaka makwapa nayo. Nikiona hilo neno kwa lebo naskia nyumbani.

Kuna Sato nilienda Kajiado kwa kina beste yangu, nikambebea mzee wao chupa aione. Yeye anajua enaisho, pombe ya Wamaasai: asali, maji na mzizi wa osuguroi, kibuyu kinawekwa karibu na moto, na baada ya siku chache wazee wanakaa chini. Kinywaji chake kinatafuta joto, changu kinaikimbia. Akaniuliza, "Kijana, hii yenu inangoja nini?" Nikamwambia, mzee, inangoja ule ukali wa ngozi ya zabibu ulainike, ndio ishuke polepole. Akaishika na mikono miwili, akaigeuza kwa mwanga, akanirudishia bila kuitikisa.

Glasi ziko mbili tu. Nilizitoa kwa tanuru ya Kitengela Hot Glass ya Anselm Croze, kando ya mbuga ya Nairobi, huko wanayeyusha vioo vya zamani. Ni nene, na ndani kuna povu ndogo zimegandia. Watu wa waini hupenda glasi nyembamba, na wako na sababu, lakini hizi zimepulizwa hapa kwetu na sitazibadilisha.

Ile Paul Sauer ya 2019 siifungui. Ndio mwaka mtoi wa sista yangu alizaliwa. Kwa gazeti yake nimeandika na biro 2037, akiwa amefikisha 18, na nimeilaza chini kabisa, penye friji ni baridi zaidi.