Riwaya za Mapenzi: Zinatuharibia Watoto, au Zinatusema Sisi?

Mwaka 2007, baada ya sala ya isha, ndugu yangu mkubwa alinijia nyumbani Mji wa Kale, hapa Mombasa, na kitabu kwapani amekizungushia gazeti kama mtu aliyechukua kitu cha haramu. Alikuwa amekitoa katika mkoba wa binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu.

"Wewe ndiwe mshairi, na wewe ndiwe unayeandika magazetini," akanambia. "Kisome leo, kesho twende pamoja kwa mwalimu mkuu tukamwambie kuwa watoto wetu hawakisomi kitabu hiki."

Kilikuwa ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa Unguja, kilichotoka mwaka 1980 na ambacho siku hizo kilikuwa kikitahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Mkubwa wangu hakuwa amekisoma. Alikuwa amesikia barazani, kwenye kahawa, kwamba ndani yake mna ulevi na umalaya, na mwari anayetoroka kwao.

Nilikubali bila ya kusita. Mimi nimelelewa chuoni. Juzuu ya amma niliihifadhi kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kizungu. Na mapenzi niliyajulia katika mashairi, ambamo mpenzi hana baba, hana mama wala hana bei ya unga, ana macho na mwendo tu. Nimetunga mengi ya namna hiyo, na baadhi yake yameimbwa maharusini. Basi nikakifungua kitabu kama kadhi anayefungua kesi ambayo hukumu yake amekwisha kuiandika. Ilikuwa saa tatu za usiku. Nilipokifunga muadhini alikuwa akiita alfajiri.

Wasomaji wengi wanakijua kisa. Bwana Maksuudi ni mtu wa kusifiwa mjini, mkarimu mbele za watu, mwenye kutafuta uongozi katika siasa. Nyumbani kwake mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna, wametawishwa hawatoki. Mke anashikwa na uchungu wa kuzaa, mume hayupo, mkunga anaitwa kinyume cha amri yake. Mume anaporudi haulizi kama mwanamke yu mzima. Anampiga, anamwacha. Maimuna ndipo anapotoka, na kwa kuwa hajafundishwa njia hata moja ya dunia, dunia inamfundisha yenyewe, katika vilabu na mikononi mwa wanaume. Huyo ndiye mwari tuliyeogopa asije akawafunza binti zetu kutoroka.

Lakini si yeye aliyenifanya nikiweke kitabu chini. Ni mamake.

Tuna dada yetu, mkubwa kwetu sote, aliyeachwa nilipokuwa kijana wa chuo, na mtoto wake wa mwisho hajatimiza arubaini. Wenye ilimu wanajua kuwa kumwacha mwanamke katika nifasi ni katika talaka za bidaa: inapita, lakini mwenye kuitoa ana dhambi. Sisi wanaume tulikaa ukumbini tukazungumza habari ya vyombo na sanduku. Tukamtuma mchukuzi na mkokoteni akavilete. Hapana hata mmoja aliyekwenda ndani kumuuliza kumepita nini. Mkubwa wangu hakuuliza. Mimi sikuuliza, na jioni ile ile nilikuwa na shairi la mapenzi nalitafutia kina cha mwisho.

Niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Sisi wa chuoni neno riwaya tulilisikia kabla ya wenzetu wa skuli, kwa maana ya kupokea habari kwa mtu na kuifikisha kwa mwingine. Mpokezi wa habari huulizwa jambo moja kubwa: je, ni mkweli? Kwa kipimo hicho nilimpima Said Ahmed Mohamed, na ingawa nina yangu ya kumlalamikia (misiba inawarundikia watu wake mmoja juu ya mwingine hata pumzi inakwisha, na watu wanakutana kwa sadfa mno), juu ya mlango ule wa chumba cha uzazi sikuweza kumwita mwongo.

Tangu hapo nimezisoma riwaya zetu kwa jicho jingine. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, nilikuwa nikiisikia inatajwa kwa ufasaha wa lugha yake, na kwa hakika ni fasaha. Ila chini ya ufasaha huo mna Fuad, mwenye mashamba, anayemkataa mwanawe wa kumzaa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Rehema anakua bila ya baba ilhali baba yu hai. Anapotea mjini, kisha anapata mapenzi kwa Sulubu, mkulima asiye na kitu, na mapenzi yao si ya macho wala mwendo. Ni ya jembe, jasho na kulima pamoja. Halafu baba anakufa na jamaa wanawaandama juu ya ardhi. Sisi watu wa pwani, ambao hatuna nyumba isiyo na kesi ya mirathi, twahitaji kuelezwa nini zaidi?

Na asidhani mtu kuwa haya ni ya Waislamu peke yetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku kwa muda katika skuli za Tanzania, ni ya nyumba ya Kikristo huko Ukerewe. Lakini baba ni yule yule: mkali kwa binti, mpole kwa nafsi yake.

Wakongwe wetu walikuwa na mawaidha ya ndoa. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 kumfunza namna ya kukaa na mume, na hata leo masharifu na mafukara wanausoma. Siudharau. Ila nimeutafuta utendi wa namna hiyo uliotungwa na baba kumfunza mwanawe wa kiume namna ya kukaa na mke, na bado ninautafuta. Pengine kazi hiyo ndiyo iliyowaangukia waandishi wa riwaya.

Abdulrazak Gurnah naye, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana kitabu kiitwacho Desertion, cha mwaka 2005, kinachoanzia katika mji mdogo wa pwani yetu hii mwaka 1899. Rehana ameachwa na mume aliyesafiri asirudi, kisha anampenda Mzungu. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Unguja, mjukuu wake anakataliwa na wakwe kwa sababu ya habari ya bibi yake. Waliompenda bibi na kumwacha hakuna anayewataja. Hivyo ndivyo hesabu zetu zinavyoandikwa.

Kwa mwalimu mkuu hatukwenda. Mkubwa wangu alikasirika, tukapita mwezi mzima hatusemezani ila salamu. Kitabu nikamrudishia binti yake, akanishukuru, "Ahsante ami," bila ya kuuliza kilikuwa wapi.

Lakini kabla ya kukirudisha nilikwenda nacho kwa dada. Yeye alisoma chuoni tu. Kiarabu anasoma vizuri kunishinda, herufi za Kizungu hazijui. Nikamsomea usiku tatu mfululizo, yeye akichambua mchele kwenye uteo. Nilipofika pale pa mkunga sauti ilinikauka, nikataka kuruka kurasa. Akasema, "Soma, sijakwambia usite."

Nikasoma mpaka mwisho wa sura. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza aliyeandika ni mwanamume au mwanamke. Nikamjibu ni mwanamume.

"Basi yeye," akasema, "ni nani aliyemwambia?"