Panya Akisalimika, Dawa Ni Salama?

KATIKA Kiswahili, dawa huponya na dawa huua. Tuna dawa ya kikohozi, tuna pia dawa ya panya. Tofauti aghalabu ni kipimo.

Tuchukue mwarobaini, mti unaosifika kutibu maradhi arobaini. Kwenye maabara, panya wachache hunyweshwa kiini kilichotolewa kwenye majani yake, mara nyingi hadi miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzani wa mwili, kisha huchunguzwa kwa siku 14. Wasipokufa, utasikia: "Ni salama!"

Hapo ndipo ninapolikataa neno hilo. Kilichopimwa ni sumu ya ghafla, ya dozi moja tu. Anayekunywa kikombe kila siku kwa miezi mitatu anahitaji jaribio la siku 90, kisha damu, ini na figo za panya zikaguliwe. Tena majani si mbegu: mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Na panya si binadamu.

Basi, msomaji wangu, ukiambiwa dawa ni salama, uliza: kwa nani, kiasi gani, siku ngapi?