Ninawi: mji uliosamehewa, kisha ukahukumiwa

Habari za Yona hata watoto wa shule ya Jumapili wanazieleza vizuri. Kitabu cha Nahumu ni sura 3 tu, na wengi hawajakifungua. Lakini vyote viwili vinasema juu ya mji mmoja, Ninawi, mji mkuu wa Waashuru kando ya mto Tigri, pale penye Mosul leo, nchi ya Iraki.

Wakati wa Yona watu walifunga, wakavaa magunia, Mungu akawahurumia. Toba ile ilikuwa ya kweli. Bwana Yesu mwenyewe aliitaja (Mathayo 12:41). Lakini toba hairithiwi kama shamba. Vizazi vilivyofuata vilirudia upanga. Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka wa 722 K.K. Mwaka wa 701 K.K. mfalme Senakeribu aliteka Lakishi katika Yuda, kisha akaagiza vita hiyo ichongwe juu ya mawe ndani ya jumba lake: wafungwa wanachunwa ngozi, mama na watoto wanahamishwa pamoja na mizigo yao juu ya magari ya ng'ombe. Mawe hayo yako London hata leo. Angalia: mtu huyu hakuficha ukatili wake, aliufanya pambo la nyumba.

Ndiyo maana Nahumu anauita mji wa damu, uliojaa uongo na unyang'anyi. Na jina Nahumu maana yake ni faraja. Faraja kwa nani? Kwa walioporwa.

Hapa wahubiri wengine wanakosea. Wanaona mji umechomwa, watu wako kambini, wanatangaza: "Mungu amewahukumu." Ni kweli, Isaya 10 inasema Ashuru ilikuwa fimbo mkononi mwa Mungu juu ya Israeli. Lakini sura hiyohiyo inasema fimbo nayo itatoa hesabu. Na Nahumu anaelekeza hukumu kwa mwenye kushika upanga, siyo kwa mama anayekimbia na godoro kichwani.

Mwaka wa 612 K.K. Wababeli na Wamedi waliangusha Ninawi.

Vitabu hivi viwili vinaishia kwa swali. Katika Yona 4:11 Mungu anauliza kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama pia. Katika Nahumu 3:19 swali ni: nani hakuumizwa na uovu wa mji huo? Wiki hii someni maswali hayo mawili pamoja, nyumbani, kwa sauti.