Ndagala wetu wanapungua: matope ya ziwa yanasema nini?



Kila mama anayenunua samaki Kalundu amesikia maneno haya: "Wavuvi wamemaliza ndagala." Wavuvi nao wanajibu kwamba ziwa lenyewe limebadilika. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti kwa mapatano ya inchi zinazozunguka Tanganyika, ubishi huo uliingia mpaka majumbani. Mama anayeishi kwa kuuza ndagala, bila ndagala atalipa masomo ya watoto na nini?

Ndiyo sababu leo tunaeleza kazi ya mwanamke mmoja mtafiti, Catherine O'Reilly wa Marekani. Yeye na wenzake walichunguza ziwa letu, na matokeo yao yakatoka katika gazeti la sayansi Nature, mwezi wa Agosti 2003.

Walienda kuuliza matope. Kila mwaka vumbi, majani na viumbe vilivyokufa hushuka chini ya ziwa na kulala tabaka juu ya tabaka. Ukiingiza bomba refu ndani ya matope hayo na kulitoa, unapata historia: ya zamani iko chini, ya sasa iko juu. Ndani ya kila tabaka kuna alama inayoonyesha kama mimea midogo ya majini, ile isiyoonekana kwa macho, ilistawi au ilidhoofika.

Mimea hiyo ndiyo shamba la ziwa. Wadudu wadogo wa majini wanaikula, ndagala wanakula wadudu, mukeke anakula ndagala, na sisi tunawala wote wawili na bugali. Lakini mbolea ya shamba hilo iko chini sana, kwa maana ziwa letu lina kina cha karibu metra 1,470. Upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi ndio unaokoroga maji na kuipandisha.

Shida ni joto. Maji ya juu yakipata moto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya maji ya baridi kama mawese juu ya maji ndani ya sufuria. Upepo unashindwa kuyachanganya, mbolea inabaki chini. Watafiti walikadiria kwamba chakula kinachozaliwa ziwani kimepungua karibu 20%, na kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki karibu 30%. Mwaka 2016, Andrew Cohen, mmoja wa wenzake, alitoa na wengine utafiti juu ya mabaki ya samaki ndani ya matope. Walionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara wa karne ya 20.

Basi mvuvi hana kosa? Hapana, tusiseme hivyo. Shamba likizaa kidogo, anayekula na mbegu anajiletea njaa. Ndagala wadogo hukaa karibu na ukingo, na chandarua cha mbu kinachokokotwa pale kinawazoa kabla hawajazaa. Ndagala hukua upesi na maisha yake ni mafupi, karibu mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo, hata miezi mitatu ya kumwacha ni sehemu kubwa ya maisha yake.

Joto la dunia hatuwezi kulizima kutoka Uvira. Lakini mkono wa mnunuzi ni wetu. Tukikataa wale watoto wadogo kama uzi, anayewavua atakosa soko. Tena, tuanze mapema kuweka akiba ndani ya likirimba zetu kwa ajili ya miezi ya kufungwa, tupate mtaji wa maharagwe, mihogo au mboga. Na wakubwa wanapopanga kufunga ziwa, wamama wauzaji na waanikaji waitwe nao kwenye kikao, waseme jamaa zao zitakula nini wakati huo.

Tena, hapa Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji, CRH. Mwenye mtoto anayependa kuuliza maswali, amwambie kwamba kuchunguza ziwa ni kazi, na kwamba msichana anaiweza.