Hesabu ya uwezekano katika poka ya Omaha

Hesabu ya uwezekano katika poka ya Omaha ni njia ya kukadiria nafasi ya kushinda kabla karata zote hazijafunuliwa, ili mchezaji aamue kama inafaa kulipa dau la mpinzani au kujitoa. Ina hatua tatu: kuhesabu karata zinazoweza kukamilisha fungu lake, kugawa idadi hiyo kwa karata ambazo hajaziona, kisha kulinganisha jibu na bei ya dau.

Kanuni ya karata mbili

Omaha huchezwa kwa karata 52. Kila mchezaji hupewa karata 4 za siri, na karata 5 hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: kwanza 3 kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Fungu la mwisho lina karata 5. Lazima 2 zitoke mkononi na 3 zitoke mezani, si zaidi wala pungufu. Katika Texas hold 'em mchezaji ana karata 2 tu za siri, naye yuko huru kutumia zote, moja au kutozitumia kabisa.

Kuhesabu karata za kukamilisha

Baada ya karata 3 za kwanza za mezani, mchezaji ameona karata 7, hivyo zimebaki 45. Karata za wapinzani zimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hajui zilipo.

Tuseme ana kopa 2 mkononi na kopa 2 ziko mezani. Kwa kuwa kopa zote ni 13, zimebaki 9. Uwezekano wa kopa kutokea katika karata inayofuata ni 9/45, yaani 20%. Katika karata mbili zilizobaki, uwezekano unafika takriban 36%.

Akiwa na kopa 3 mkononi, anayeanza mchezo huenda akafurahi. Kumbe kopa ya tatu haiwezi kutumika, tena imepunguza zilizobaki kuwa 8. Akiwa na 4, zimebaki 7.

Karata nyingi, si zote nzuri

Mfano mwingine ni wa mfuatano. Mchezaji ana ghulamu (J), 10, 7 na 6. Mezani kuna 9, 8 na 2 za aina tatu tofauti. Karata zinazokamilisha mfuatano wake ni:

* malkia (Q): 4
* ghulamu: 3
* 10: 3
* 7: 3
* 6: 3
* 5: 4

Jumla ni 20, sawa na 44% kwa karata inayofuata. Lakini ikija 10, mwenye malkia na ghulamu atakuwa na mfuatano mkubwa zaidi. Ikija ghulamu, mwenye malkia na 10 atamshinda vilevile. Karata zinazompa fungu lisiloshindika wakati huo ni 14 tu, sawa na 31%.

Kulinganisha na bei ya dau

Tuseme mezani kuna dola 100 na mpinzani ameweka dau la dola 100. Mchezaji atalipa 100 ili agombee jumla ya 300, hivyo anahitaji uwezekano wa angalau 33%. Tukiangalia karata inayofuata peke yake, mwenye kuhesabu 20 ataona inafaa kulipa, na mwenye kuhesabu 14 ataona haifai. Karata ni zilezile. Tofauti imo katika kuhesabu.

Kwa kuwa kila mchezaji ana karata 4, anaweza kuunda jozi 6 tofauti za karata mbili, ilhali katika Texas hold 'em ana jozi 1 tu. Kwa sababu hiyo mafungu makubwa hutokea mara nyingi zaidi, na fungu la pili kwa ubora hugharimu fedha nyingi. Hesabu hizi haziondoi bahati katika mchezo mmoja. Faida yake huonekana katika michezo mingi.