Chumvi ya Siku Moja, Mbunge wa Miaka 5



Juma hili tuongee juu ya kura, kwa sababu inaingia mpaka ndani ya chungu. Wakati wa kampeni, wagombea hugawa chumvi, sabuni, vikwembe na noti za franka. Watu wengine huwacheka mama wanaopokea, eti hawana akili. Sisi hatuwacheki. Mama mwenye watoto sita, ambaye vita vimemfukuza shambani, anajua hesabu yake: chumvi anaiona leo, barabara anaisikia tu. Njaa ndiyo inafanya zawadi ndogo iwe nzito.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Mbunge wa taifa anachaguliwa kwa miaka 5. Katiba, kifungu cha 101, inasema anawakilisha taifa lote, wala hafungwi na maagizo ya waliomchagua. Basi hatuwezi kumwondoa katikati. Kikwembe kitapasuka, naye bado yuko Kinshasa anaamua juu ya maisha yetu.

Anaamua nini? Tutoe mifano miwili.

Wa kwanza ni madini. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini, yaani redevansi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta, shefri au mji ambamo mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Huku Walikale, ambako kasiteriti ya Bisie inatoka, hiyo 15% ingeweza kujenga daraja au nyumba ya kuzalia. Mbunge ana haki ya kumwuliza waziri: pesa zimefika wapi?

Wa pili ni shule. Katiba ya 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure. Lakini bure hiyo ilianza Septemba 2019. Kwa miaka 13 wazazi waliendelea kuuza kuku na mihogo ili kumlipa mwalimu, kwa sababu bajeti haikufuata Katiba. Na bajeti inapigiwa kura bungeni kila mwaka, katika kikao cha kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Desemba.

Tukumbuke pia jirani zetu. Tarehe 20 Desemba 2023 sisi wa Walikale tulichagua, lakini Masisi na Rutshuru hawakuweza kwa sababu ya vita. Januari 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82 nchini kwa udanganyifu, rushwa na makosa mengine. Kura yetu si kitu cha kuchezea.

Katiba inasema pia kwamba kura ni ya siri. Aliyepokea chumvi hana deni: ndani ya kibanda hakuna anayemwona.

Basi siku ya likelemba, kila kikundi kichague mama mmoja wa kuandika maswali matatu katika daftari. Redevansi ya sekta yetu iko wapi? Ulipigia bajeti kura gani? Walimu wasiolipwa uliwatetea lini? Mbunge akirudi kutuomba kura, tumsomee maswali hayo mbele ya watu, na majibu yake tuyaandike vilevile.